Mshika Lugha Mbili, Je, Moja Humponyoka?

Jirani yangu mmoja, mtumishi wa umma mwenye shahada mbili, alimleta mama yake mzazi kutoka Rungwe aje kutibiwa macho hapa Dar es Salaam. Bibi alikaa miezi mitatu. Katika miezi hiyo yote alipewa sharti moja: asizungumze Kinyakyusa na mjukuu wake wa miaka minne, kwa kuwa mtoto anasoma shule ya awali inayofundisha kwa Kiingereza, na walimu wameonya kwamba lugha nyingi zitamchanganya. Kiswahili cha bibi ni cha kuungaunga, na Kiingereza hana. Basi bibi na mjukuu wakawa watu wa kutazamana na kutabasamu. Nilipomuuliza jirani yangu kulikoni, alinijibu kwa methali: "Daktari, mshika mawili moja humponyoka."

Sikumjibu siku ile. Sikuwa na uso wa kumjibu, kwa sababu wiki hiyohiyo nami nilikuwa nimefanya jambo la namna hiyo darasani mwangu.

Tulikuwa katika semina, tukijadili sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972. Nilimtaka kijana mmoja, ambaye hupenda kukaa safu ya nyuma, aeleze kwa nini sera iliyotangazwa kwamba itawapa wananchi sauti iliishia kuimarisha serikali kuu. Alisimama. Alianza sentensi kwa Kiingereza, akaiacha njiani. Akaanza nyingine, nayo akaiacha. Kisha akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, zilizopelekwa mikoani zilikuwa ofisi. Madaraka yenyewe yalibaki palepale."

Wasomi wa utawala wa umma wameandika kurasa nyingi kueleza jambo hilo alilolieleza kijana yule kwa sentensi mbili. Nami nilimkatiza. Nilimkumbusha kwamba lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza. Aendelee kwa lugha hiyo au akae. Akakaa. Katika karatasi ya alama za ushiriki nilimwandikia mbili kati ya kumi.

Jirani yangu alimnyamazisha mama yake kwa kuamini kwamba lugha mbili humvuruga mtoto. Mimi nilimnyamazisha mwanafunzi wangu kwa kuamini kwamba anayeshindwa kusema hana la kusema. Nimetumia wiki kadhaa kusoma upya yale ambayo wanasaikolojia na wanaisimu wameyagundua kuhusu akili ya mtu mwenye lugha zaidi ya moja. Ninachotaka kusema katika makala haya ni kwamba sote wawili tulikosea, na kwamba makosa yetu yana mzizi mmoja ambao umeshika hata katika sera za nchi.

Lugha zote mbili huwa macho

Watu wengi hudhani kwamba mwenye lugha mbili huwa nazo mithili ya redio yenye stesheni mbili: ukifungua moja, nyingine hunyamaza. Sivyo ilivyo. Mwaka 1999, Michael Spivey na Viorica Marian, wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walichapisha jaribio ambalo sasa napenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Waliwaketisha wazungumzaji wa Kirusi wanaojua Kiingereza mbele ya vitu kadhaa, wakafuatilia macho yao yanakwenda wapi. Walipoambiwa kwa Kirusi washike stempu, ambayo kwa lugha hiyo huitwa "marka", mara kwa mara macho yao yaliteleza kwanza kwenye kalamu nene ya wino, ambayo kwa Kiingereza huitwa "marker", ndipo yakarudi kwenye stempu. Hakuna aliyetamka neno hata moja la Kiingereza. Hata hivyo Kiingereza kilikuwa macho, kinasikiliza.

Ikiwa lugha zote mbili zi macho wakati wote, basi kuzungumza moja ni sawa na kuizuia nyingine isipenye. Ndivyo alivyoeleza mwanasaikolojia wa Uingereza, David Green, mwaka 1998: mwenye lugha mbili anapotaka kusema, majina yote mawili ya kitu hugombea ulimi, na akili hulazimika kulikandamiza lile lisilotakiwa. Kazi hiyo ni sehemu ya kile kinachoitwa udhibiti wa akili, yaani uwezo wa kujizuia, kuchagua, na kugeuka kutoka jambo moja hadi jingine.

Msomaji anaweza kuuonja udhibiti huo nyumbani kwake. Andika neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, kisha mwambie mwenzako ataje rangi ya wino, asilisome neno. Atasita. Kusita huko ndiko alikokupima John Ridley Stroop katika utafiti aliouchapisha mwaka 1935, na hadi leo kipimo chake kinatumika. Mwenye lugha mbili hufanya kazi inayofanana na hiyo kila anapofungua kinywa, tena bila kujua.

Kazi hiyo ina gharama. Renata Meuter na Alan Allport, katika utafiti wa mwaka 1999, waliwataka watu wenye lugha mbili wataje tarakimu, mara kwa lugha ya kwanza, mara kwa lugha ya pili, kulingana na rangi iliyoonyeshwa. Kila walipobadili lugha walichelewa kidogo. La kushangaza ni kwamba ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi waliporudi kwenye lugha yao ya kwanza, ile waliyoimudu zaidi. Maelezo yaliyotolewa ni haya: ili useme lugha dhaifu, huna budi kuibana sana lugha yenye nguvu, na kitu kilichobanwa sana hakifunguki mara moja. Kila mhadhiri aliyetoka ukumbini baada ya saa mbili za Kiingereza, akakutana na rafiki na kulikosa neno jepesi la Kiswahili, anaijua hali hiyo.

Kutoka hofu hadi majigambo

Hofu ya jirani yangu ina historia ndefu, na haikuanzia Tanzania. Mwaka 1923, D. J. Saer alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Wales. Alidai kwamba watoto wa vijijini wenye Kiwelishi na Kiingereza walikuwa nyuma ya wenzao wenye lugha moja katika vipimo vya akili. Tafiti nyingine za miaka hiyo zilifuata mkondo huohuo. Baadaye wakosoaji walionyesha udhaifu wake: nyingi hazikuzingatia ipasavyo hali ya maisha ya familia, na mara nyingi mtoto alipimwa kwa lugha asiyoimudu vizuri. Umaskini na ugeni wa lugha ya mtihani vilihesabiwa kuwa upungufu wa akili. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, maana nitairudia.

Mwaka 1962 upepo uligeuka. Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wakijitahidi kulinganisha watoto wa hali moja ya maisha. Wenye Kifaransa na Kiingereza waliwapita wenye lugha moja. Kuanzia hapo hofu ilianza kugeuka kuwa majigambo. Mwaka 2004 Ellen Bialystok na wenzake walitangaza kwamba wazee wenye lugha mbili hufanya vizuri zaidi katika vipimo vya udhibiti wa akili. Mwaka 2007 timu yake ikaeleza kwamba miongoni mwa wagonjwa wa kliniki moja ya Kanada, dalili za maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni ziliwajia wenye lugha mbili takribani miaka minne baadaye. Magazeti ya dunia yakashangilia.

Lakini sayansi haiendi kwa shangwe. Mwaka 2013 Kenneth Paap na Zachary Greenberg, baada ya kuwapima wanafunzi wa chuo kikuu huko San Francisco, walisema hawakuuona ubora huo. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake wakaonyesha jambo la kutia aibu zaidi: tafiti zilizoonyesha ubora wa wenye lugha mbili zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchapishwa kuliko zile ambazo hazikuuona. Mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 152 za watu wazima, wakarekebisha upendeleo huo wa uchapishaji, na hawakuona ushahidi wa ubora wa jumla katika udhibiti wa akili.

Suala la uzee bado lina mjadala hai. Utafiti unaonivutia zaidi ni ule wa Suvarna Alladi na wenzake huko Hyderabad, India, uliochapishwa mwaka 2013. Katika wagonjwa 648 wa maradhi hayo ya kumbukumbu, waliokuwa na lugha zaidi ya moja walianza kuona dalili miaka minne na nusu baadaye, na tofauti hiyo ilikuwapo hata kwa wasiojua kusoma wala kuandika. Hyderabad ni mji ambao watu wa kawaida hupita kutoka Kitelugu hadi Kiurdu hadi Kihindi sokoni na barazani, kama sisi tunavyofanya. Uhusiano wa namna hiyo si uthibitisho kwamba lugha ndizo zilizowakinga. Unatukumbusha tu kwamba uwilugha tunaouzungumzia ni ule unaotumika maishani, wala hauhitaji cheti cha shule.

Tukivuna kwa uaminifu, mavuno yetu ni haya. Hofu kwamba lugha mbili hudumaza akili ya mtoto haina msingi. Madai kwamba lugha mbili humpa kila mtu akili ya ziada nayo hayajasimama imara. Kinachobaki bila ubishi mkubwa ni kwamba ubongo wa binadamu huzibeba lugha mbili kwa pamoja, na huzisimamia kwa kazi ambayo uzito wake hutegemea umahiri wa msemaji katika kila moja.

Kinachoponyoka

Sasa tumrejee kijana wangu. Hapa natoa tafsiri yangu mwenyewe, si matokeo ya maabara.

Binadamu ana kumbukumbu tendaji, yaani ile nafasi ya akili tunamoshikilia mambo tunapoyafanyia kazi, na nafasi hiyo ina ukomo. Nilipomtaka kijana aeleze Madaraka Mikoani kwa Kiingereza, nilimpa kazi nne kwa mpigo: aifikirie hoja, atafute maneno katika lugha asiyoimudu, aichunge sarufi yake mbele ya wenzake, na wakati wote huo aibane lugha ambamo hoja hiyo ilikuwa imekwisha kukamilika kichwani mwake. Nikampima kwa jumla ya kazi zote nne, kisha nikaandika kwamba ameshindwa ile ya kwanza. Nilichokifanya kilikuwa kosa lilelile la wapimaji wa miaka ya 1920: ugeni wa lugha ya mtihani nikauhesabu kuwa upungufu wa akili.

Methali ya jirani yangu, basi, haikutaja kinachoponyoka. Mtoto aliyezungukwa na lugha mbili haponyokwi na lugha. Anayelazimishwa kufikiri kwa mkono mmoja na kujibu kwa mwingine uliofungwa, huyo huponyokwa na fikra.

Na tunaanza mapema kuifunga mikono hiyo. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, tulikuwa na kibao cha kuvaa shingoni. Aliyekutwa akisema Kiswahili alikivaa, na kazi yake ikawa kumvizia mwenzake amkabidhi. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Mimi nilikivaa kwa sababu mwenzangu alijikwaa nikamwambia "pole". Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza adhabu ya namna hiyo katika Kenya ya kikoloni, na katika karne ya 19 watoto wa Wales walivishwa kibao chao kwa kosa la kusema Kiwelishi. Wapo watakaosema kwamba kibao kilitufunza kujidhibiti. Darasani kwetu kilitufunza kunyamaza, na ukimya huo ndio ninaoukuta leo katika safu za nyuma za kumbi za mihadhara.

Nchi yetu imekwisha kuambiwa. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu wakakuta kwamba wanafunzi wengi hawakiwezi kwa kiwango cha kusomea masomo mengine. Hata hivyo walichopendekeza kilikuwa kukiimarisha kibaki pale kilipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa tena Kiswahili nafasi katika ngazi zote, ikiruhusu pia Kiingereza. Shule za sekondari za umma bado zinafundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili huvuka daraja hilo katika likizo moja.

Hoja za upande wa pili

Najua nitakayojibiwa, na hoja zenyewe si za kubeza. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza ni mlango wa ajira na maarifa, na kukiondoa ni kuwafungia mlango watoto wa maskini huku watoto wa wakubwa wakiendelea kupita katika shule za kulipia. Nakubaliana na hofu hiyo. Ndiyo maana sisemi tukiache Kiingereza. Nasema tukifundishe. Kufundisha lugha ni jambo moja, na kufundisha fizikia kwa lugha ambayo mwalimu na mwanafunzi wote wawili wanaipapasa ni jambo jingine. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Ife nchini Nigeria kilianzisha mradi chini ya Profesa Babs Fafunwa, ambamo watoto walisoma miaka sita ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza wakakisoma kama somo chini ya mwalimu wake maalumu. Watoto hao hawakubaki nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vizuri. Waliokijenga Kiingereza chao juu ya msingi wa lugha waliyoielewa hawakupoteza kitu.

Ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Maneno hukua kwa kutumika. Sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hatukusubiri kamusi ya sheria ikamilike hadi neno la mwisho.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi: kwa mtoto wa Kimasai au wa Kisukuma kijijini, Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilianza shule nikijua Kihaya, na Kiswahili nilikikuta darasani. Yeyote anayetumia hoja yangu dhidi ya Kiingereza hana budi kuikubali pia inapomgeukia. Mtoto wa darasa la kwanza anayeuliza swali kwa lugha ya mama yake hastahili kufokewa kwa Kiswahili, kama vile kijana wa chuo asivyostahili kukatizwa kwa Kiingereza.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Wenye mamlaka wana yao ya kufanya, na la kwanza ni maswali ya mitihani ya sekondari kuandikwa kwa lugha zote mbili, mtahiniwa akaachiwa achague lugha ya kujibia. Hilo halihitaji kumfukuza mwalimu yeyote wala kuchoma kitabu chochote. La pili ni kibao: mkuu wa shule ambaye bado anacho na akitupe.

Lakini yapo yasiyohitaji waraka wa wizara. Wazazi, msiwanyamazishe bibi na babu. Mwalimu akikuambieni kwamba lugha ya nyumbani itamchanganya mtoto, mwombeni ushahidi. Ule wa mwaka 1923 ulikwisha kukosolewa zamani. Walimu wenzangu, mnapompa mwanafunzi swali gumu, mwacheni kwanza ajadiliane na mwenzake kwa lugha anayofikiria, kisha aje na jibu kwa lugha ya mtihani. Mimi nimeanza. Katika semina zangu dakika kumi za mwanzo ni za Kiswahili, na muhtasari unaandikwa kwa Kiingereza. Kelele zimeongezeka, na muhtasari umekuwa na hoja ndani yake.

Kuhusu kijana yule, nilimtafuta. Nilimwita ofisini nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anieleze tena, kwa lugha yoyote aipendayo, ile hoja yake ya ofisi na madaraka. Alinitazama kwa adabu akasema, "Nimeshasahau, Mwalimu." Hakuwa amesahau. Alama yake nimeirekebisha, lakini bado anakaa safu ya nyuma na bado hajanyoosha mkono.

Bibi naye amekwisha kurudi Rungwe, macho yake yakiwa yamepona. Wiki hii nimemjibu jirani yangu. Nimemwambia likizo ijayo ampeleke mtoto huko, na asiweke sharti lolote.